Msusi wa Wahu

Debra Wahu Kuria alizaliwa tarehe 11 Aprili 1976 huko Dagoretti, kifungua mimba wa Mzee Kuria na Mama Wamucii. Nyokabi alimfuata, kisha mimi, Wachira. Jumapili jioni dada zangu walisukana nywele za matuta mlangoni. Nyokabi alianzia sikio la kushoto la Wahu, akazungusha tuta moja nene hadi kisogoni, akalimalizia kwa mafundo mawili. Wahu alijaribu wasusi wengi wa Kenyatta Market. Hakuna aliyeweza kuliiga.

Alihitimu sheria Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2000, akaajiriwa Kilimani na shirika la kutetea wachuuzi wanaofukuzwa mjini. Alipigwa rungu kwenye maandamano na hakuwahi kurusha jiwe. Nyokabi, aliyekuwa amejiunga na kundi lililoamini moto pekee, alimcheka.

"Endelea na mabango, Madam. Sisi tutamaliza kazi."

"Kazi gani hiyo ya kuficha uso, Kabi?"

Hawakuongea tena. Septemba 2003 kundi hilo lilichoma ofisi katikati ya jiji, na mlinzi akafia ndani. Wahu alilaani kitendo hicho hadharani, kisha akaenda kumzika mlinzi. Polisi walituambia Nyokabi ameuawa msituni. Mwili hatukuonyeshwa. Wazee walikubali, Wahu alikataa.

Tarehe 6 Agosti 2005 aliolewa na Tobias Ndeti. Siku hiyo shangazi walimfuata na vitana, naye akawakimbia. "Msusi wangu yuko safari," alisema. Tangu hapo hakusukwa na mtu.

Figo zilimsumbua kuanzia 2007. Alifariki hospitalini tarehe 3 Juni 2009, nywele zikiwa timutimu.

Juzi tulipopeleka nguo mochari, tulimkuta amesukwa. Tuta moja nene kutoka sikio la kushoto, likazunguka hadi kisogoni. Mafundo mawili.

"Si dada yake alikuja asubuhi?" mhudumu alituuliza. "Amekaa naye sana, akimwongelesha."

Wazee wameniomba nisome katika wasifu huu kwamba Nyokabi alitangulia. Sitasoma hivyo. Nchi hii imetuzoesha kuwaita watu marehemu bila kuonyeshwa miili yao, na Wahu aliipinga tabia hiyo hadi kufa kwake. Alitaka dada yake asimame mahakamani, mbele ya jamaa za mlinzi, akiwa hai.

Ameacha mume wake Tobias, binti yao Munyiva, wazazi wetu, mimi, na dada yake Nyokabi.

Pumzika, Wahu. Msusi wako amerudi.