Vikombe Juu ya Benchi

Kijiwe chetu cha kahawa kina benchi moja na sheria moja: kikombe hakiwekwi juu ya mbao. Benchi alilitengeneza Msasa, seremala wa karakana iliyo nyuma yetu, na jina hilo tulimpa kwa sababu ya ulimi wake. Ukiweka kikombe, hata kwa bahati mbaya, anakutukana wewe, fundi aliyekushonea suruali, na mwalimu aliyekufundisha kuketi. Tumeungua vidole miaka nenda miaka rudi. Kisha ubao ukamdondokea kichwani akiwa kazini, akalazwa. Asubuhi aliyorudi alimsalimia kila mtu. Mimi aliniulizia wanangu, ambao sikujua kama anajua ninao. Akaketi, akapokea kahawa yake, akaiweka juu ya benchi. Kikombe kikaacha duara. Akalitazama lile duara, akatabasamu, akainuka kwenda bombani kumsaidia muuza kahawa kuosha vyombo. Tukabaki wanne tunalikodolea macho: Fundi Redio, Kinyozi, Mlinzi wa benki, na mimi mshona viatu.

Redio: Yule si Msasa.

Kinyozi: Ni yeye. Lile kovu la kisogoni nalijua, kila siku nalizunguka na mashine.

Redio: Kovu ni la kasha. Mimi nasema kilichomo. Ubongo ni redio, bwana. Akili haimo ndani, inatoka hewani, ubongo unaikamata tu. Sasa ubao umegonga kile kitufe cha kutafutia stesheni.

Mlinzi: Na stesheni ya zamani iko wapi?

Redio: Iko palepale hewani, inaendelea kutukana.

Mlinzi: Nani anaisikia?

Redio: Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Lazima kuna mtu mpole mahali fulani, labda mwalimu wa chekechea, kaamka ghafla anawafokea watoto habari za vikombe.

Tulimwonea huruma yule mwalimu.

Kinyozi: Redio, wewe unafungua makasha, mimi nashika vichwa vya watu. Hasira inakaa hapa, juu ya sikio la kushoto. Kwa Msasa palikuwa pa moto, mashine ilikuwa inazimika yenyewe. Juzi nimemnyoa kitandani hospitali, pamepoa kabisa.

Mimi: Kwa hiyo akili ni ubongo tu, basi?

Kinyozi: Tu na nini? Ubongo ndio wewe. Ukipungua robo, umepungua robo. Zilizobaki ni nywele.

Mlinzi: Nyote mmepotea. Mimi nalinda benki tangu ujana wangu. Nafungua mlango, nafunga mlango. Watu wote wananiuliza mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayeonekana. Pesa za ndani sijawahi kuzitia machoni. Ubongo ni mlinzi. Mwenye mali yuko ndani, na mlinzi mwenyewe hamjui.

Redio: Ndani wapi? Madaktari kila siku wanafungua vichwa. Wamemkuta?

Mlinzi: Kwani wewe ukienda benki unamkuta mwenye benki?

Hakuna kati yetu aliyewahi kumkuta. Mara nikaona Kinyozi amekitua kikombe chake juu ya mbao. Mlinzi akamtazama, naye akatua chake. Redio akafuata, na mimi nikafuata. Vidole vikapumzika. Ilikuwa raha, siwafichi.

Redio: Turudi kwenye hoja. Kama huyu ni mwingine, inabidi tujitambulishe upya. Na mke wake je? Anaishi na mwanaume ambaye hakumuoa!

— Habari zenu, shemeji zangu.

Alikuwa mke wa Msasa, amesimama nyuma yetu na bahasha ndogo ya dawa mkononi. Tulimsogezea nafasi, hakuketi. Aliviangalia vikombe vyetu vinne kwa muda.

Mke: Kumbe na nyinyi mmeonja.

Redio: Shemeji, tulikuwa tunazungumzia redio.

Mke: Nimesikia. Naomba mnisaidie, mmemjua siku nyingi. Daktari anasema kuna uvimbe unaukandamiza ubongo. Hautamuua. Lakini ndio uliomlegeza mkono wa kushoto, na ndio huohuo uliompoza. Vidonge hivi vitauondoa. Mkono utarudi, atashika randa tena. Na mwenyewe atarudi.

Kinyozi: Mungu ashukuriwe.

Mke: Shemeji, watoto wanacheka wakiwa naye chumba kimoja. Jana kaniuliza kama nimechoka. Tangu anioe hajawahi kuniuliza. Nilijifungia jikoni nikalia kwa furaha, halafu nikalia kwa woga. Dawa hizi alitakiwa azianze palepale alipotoka hospitali. Namwambia bado nazitafuta. Nimpe?

Redio akageuka kuangalia bomba. Kinyozi akapangusa suruali isiyo na nywele hata moja. Mlinzi akafungua kifungo cha sare yake, akakifunga. Mimi nilikuwa na jibu, lakini niliona aibu kulisema, kwa sababu lilikuwa jibu la vidole vyangu.

Msasa akaja kutoka bombani, amevikumbatia vikombe kifuani kwa mkono wa kulia, ule wa kushoto ukining'inia.

Msasa: Mke wangu! Umezipata?

Mke: Nimezipata.

Msasa: Basi nipe, mkono upone haraka. Kuna lile kabati uliloniomba tulipohamia, nikakufokea. Sijui nilikuwa na nini. Nikishika randa tu, naanza na hilo.

Yule mama alimtazama mumewe kama unavyomtazama mtu anayepanda basi la safari ndefu. Akafungua bahasha, akamwekea kidonge kiganjani. Msasa akakimeza kwa kahawa yake iliyopoa, akamwambia mkewe asante, akaketi kwenye ncha yake ya benchi.

Redio ndiye aliyeanza kukinyanyua kikombe chake kutoka kwenye mbao. Kinyozi akanyanyua chake, Mlinzi chake, na mimi changu. Muuza kahawa akapita na birika, akatujazia ya moto, tukaishika hivyohivyo.