Kwa Nini Kombe Limebaki Mezani

Mheshimiwa Meya, Ndugu Mwenyekiti wa chama chetu cha ndege za mfano, majaji wenzangu, marubani na mafundi mliotoka mbali na mliotoka hapahapa Vidin, na ninyi akina mama wa jikoni ambao supu yenu ya maharage ndiyo iliyotuweka hai: habari za jioni. Mtaniwia radhi nikiegemea meza. Miguu imegoma, na sauti yangu mnaisikia wenyewe.

Nimeombwa niseme maneno mazuri ya kufunga mashindano na kumuaga Strahil Yotov. Maneno mazuri sina mengi. Nimeshinda juu ya mnara wa majaji tangu Alhamisi, kwa mvua, kwa upepo wa mto Danubi, na kwa harufu ya mafuta ambayo hata sabuni imeshindwa kuitoa. Na tangu mchana wa leo nusu ya ukumbi huu hainisalimii. Sawa, haki yenu.

Lakini niwaulize, sisi tulioshinda matopeni pamoja: ni wapi pengine mtu humpa mpinzani wake injini yake ya akiba kwa ajili ya fainali? Injini ya Strahil ilipasuka jana. Momchil wa Plovdiv, anayeshindana naye tangu wote wawili wakiwa na nywele, akamletea yake. "Chukua, mzee, nisije nikakushinda ukaanza visingizio." Strahil akamjibu, "Injini yenyewe ndiyo hii? Basi umeamua kunimaliza kabisa!" Wakaketi wakaifunga pamoja, na Dragoljub, yule Mserbia wa Niš, akawashikia bisibisi huku akiwazodoa wote wawili kwa uzembe.

Kila mmoja wenu anajua Strahil alikuwa anatafuta nini. Kombe hili lililo hapa mezani hajawahi kulibeba. Amelikaribia, amelikosa, amelikaribia tena. Daktari amemwambia masikio yake hayastahimili tena kuzunguka duarani na ndege, yanampa kizunguzungu, na fainali ya leo ilikuwa ya mwisho kwake. Hakuficha. Alitutangazia wote: "Nikilipata, nakwenda nyumbani kulima nyanya. Nisipolipata, nakwenda kulima nyanya kwa hasira."

Mheshimiwa Meya, wewe ulikaa jukwaani, mbali kidogo, kwa hiyo nikueleze nilichokiona mimi. Marubani watatu walikuwa katikati ya duara, kila mmoja ameshika mpini wa nyaya za ndege yake, wanazunguka pamoja haraka, na huko pembeni ndege zinapita juu ya vichwa vya mafundi waliochuchumaa. Zilibaki raundi chache, na Strahil alikuwa anaongoza. Ghafla nikaona goti lake linalegea, kichwa kinakwenda upande. Kizunguzungu kimemshika.

Kanuni haina utata. Anayeanguka ametoka, wenzake wanaendelea, na mmoja wao anakuwa bingwa. Si wangesubiri tu? Badala yake Momchil akambana kulia, Dragoljub akambana kushoto, kila mmoja akapitisha mkono wake mtupu kiunoni mwake, wakazunguka naye hivyohivyo mpaka ndege zote zikatua. Na kumshika rubani mwenzako ndani ya duara ni kosa la kutolewa, na aliyeshikwa naye hutolewa. Nikawasha taa nyekundu zote tatu. Wote watatu wakawa wametoka, na kombe likakosa bingwa.

Strahil alinifuata mnarani, bado anayumba, amefura kwa hasira. "Dada Zlatina, nitoe mimi peke yangu! Hawa wape haki yao!" Momchil akamkatiza, "Nyamaza wewe, hata kusimama huwezi." Dragoljub akaniambia tu, "Andika, mama, twende tukale."

Tangu hapo mnanibembeleza nigeuze uamuzi. Mwenyekiti mwenyewe amenibembeleza, glasi ya pombe ya rakia mkononi. Sigeuzi. Msidhani sikuumia, nilipoteremka nililia nyuma ya gari langu. Lakini fikirini: nikiwapa kombe kwa walichokifanya, kuanzia mwakani kila atakayemshika mwenzake tutajiuliza anataka nini. Hawa hawakutaka kitu. Walijua taa itawaka, walijua aliyeko juu ni mimi, na mnajua nilivyo. Wakamshika. Je, mimi ningekuwa mahali pao, mpini mkononi na ubingwa unaniita, ningemshika? Natamani kusema ndiyo. Sijui, jamani.

Momchil, Dragoljub, nawashukuru. Mafundi, waandaaji, wapishi, nawashukuru nyote.

Strahil, kaka yangu, uliniuliza pale mlangoni kama kweli umemaliza bila kitu, nami nikakupita nikaja kuketi. Jibu langu ni hili. Kombe hukulipata, na hutalipata tena. Ulikuwa unaanguka mbele yetu sote, na watu wawili waliokuwa na kila sababu ya kukuacha hawakukuacha.

Nimemaliza. Asanteni kwa kunivumilia mpaka hapa.