Sahani ya Auleria

Jumamosi alasiri Bi Rosalia alipanda basi la Temeke peke yake, akitoka kutazama mchezo wa kuigiza ambao bintiye Auleria aliutunga chuoni kuhusu nyumba yao. Kiti cha mbele, karani na nesi wasiojuana, waliotoka kuutazama pia, walikuwa wakiubishania.

“Wamezidisha, dada,” alisema karani. “Mume katoroka, mke bado anamfunikia chakula miaka mitano! Mwanamke gani huyo?”

“Mwenye mapenzi,” nesi akajibu. “Mie kaniliza yule binti. Anarudi likizo na njaa yake, sahani haigusi kwa kuwa ni ya baba. Anakwangua ukoko sufuriani.”

“Mjinga tu. Angekula.”

“Wewe ungekula chakula cha babako?”

Bi Rosalia alitazama nje. Yeye alimfunikia mumewe chakula wiki mbili tu, ya tatu akachoka. Sahani zote zilizofuata zilikuwa za Auleria, ambaye hakuwa na desturi ya kuarifu siku atakayofika. Miaka yote hiyo alidhani mtoto anapenda ukoko.

Basi likasimama, wale wawili bado wanashindana. Bi Rosalia akashuka. Nyumbani alikuwa ameacha sahani moja imefunikwa, ya Auleria kama kawaida, na baada ya mchezo Auleria alimwambia leo atalala chuoni na wenzake.