Jiwe Lililoutangulia Mwaka Wake

Ndugu Venant Kahigwa anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1976, baada ya kuchonga mawe kwa miaka ishirini na saba katika karakana yetu ya ushirika hapa Mwanza.

Alitoka Bukoba mwaka 1949 na tindo mbili alizopewa na bruda aliyemfundisha kazi. Mawe ya msingi ya shule, zahanati na maghala ya pamba katika vijiji vingi vya ujamaa, kuanzia Misungwi hadi ng'ambo ya Busisi, yana mkono wake. Makanisa yalimfuata zaidi kwa ajili ya tarakimu za Kirumi, ambazo alipofika hakuna mwingine hapa aliyezijua.

Alitufundisha wakati wa chai kwa njiti za kiberiti. Njiti moja ni I. Mbili zikikutana chini ni V, yaani tano. Zikipishana ni X, kumi. "Mdogo akimtangulia mkubwa, anampunguza," alikuwa akisema. "Akimfuata, anamwongeza. Kama nyumbani tu." Hivyo IV ni nne, VI ni sita. Hata mbuzi wake wa Nyegezi aliwapiga chapa kwa tarakimu hizo. Jirani yake, Mama Wilhelmina, alipomwona yule wa kumi na X yake iliyokaa kama msalaba, akauliza: "Mzee Kahigwa, huyu naye umembatiza?" Akajibiwa: "Bado, Mama. Namwogopa padri, atamla kabla ya kumbariki."

Alituachia desturi moja: hakuna kugonga jiwe kabla fundi hajamsomea karani cheti cha kazi, yaani karatasi ya maneno ya kuchongwa, herufi kwa herufi. Kwa kazi za wateja, desturi hiyo imevunjwa mara moja tu, na aliyeivunja ni mimi.

Mwezi wa Aprili 1974 nilikuwa karani. Mke wangu Getruda alikuwa na wiki tatu kaburini, nami nilikuwa bado napakua chakula kwenye bakuli lake la bluu na kulisahau mezani. Parokia moja ng'ambo ya Kigongo iliagiza jiwe la msingi. Nilitakiwa kugeuza 1974 kuwa MCMLXXIV; nikaandika MCMLXXVI, yaani 1976. Mzee Venant alikuja na cheti anisomee. Nikamwambia, "Chonga tu, Mzee. Niache." Alinitazama kidogo, akaenda kuchonga.

Jiwe lilivuka kwa pantoni. Siku ya kulizindua, katekista alilisoma mbele ya watu, akasita, akahesabu tena kwa vidole. "Hawa wa Mwanza wametuletea kanisa la keshokutwa!" Watu wakacheka, na jiwe likarudishwa. Kamati ilipouliza, Mzee alikuwa na cheti changu mfukoni. Akasema tu, "Mkono wangu ulipitiliza." Nilikuwa nimeketi karibu naye, na sikufungua mdomo. Akaandikiwa barua ya uzembe. Usimamizi wa karakana, aliokuwa apewe mwezi uliofuata, nikapewa mimi.

Nilipomuuliza faraghani kwa nini, alinijibu, "Ulikuwa na msiba, bwana mdogo. Siku ile ungekosea hata jina lako." Kisha akalichonga jiwe la kaburi la Getruda kwa saa zake mwenyewe, bila cheti, tarehe zote sahihi. Kwa miaka miwili nimempa shikamoo kila asubuhi, naye ameitikia marahaba kwa sauti ileile.

Jana niliieleza kamati ukweli. Barua ile imetolewa kwenye jalada lake, nami kuanzia leo narudi kwenye meza ya ukarani, kama nilivyoomba. Jiwe lile lililorudishwa lilikuwa nyuma ya karakana, tukilitumia kunolea tindo. Mwaka wake sasa umefika: halina kosa tena. Kosa nimebaki nalo mimi. Leo linawekwa mlangoni, na chini ya tarakimu zile kuna jina la Venant Kahigwa. Cheti chake nilisomewa herufi kwa herufi.

Asante, Mzee wetu, kwa kazi na kwa kimya chako ambacho sikustahili. Nenda salama kwa mbuzi wako. Miaka iliyobaki ikufuate kama I nyuma ya V, ikuongeze tu.

Kija Shimba, karani