Mama Ndila wa Kyuso, Aliyekataa Kithitu

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, Kitui, Makueni, na ninyi mlio safarini, poleni na shughuli. Leo ni Jumapili, na leo nina jina moja tu. Ndila Ndolo. Amefariki. Mama Ndila wa Kyuso amefariki Jumanne iliyopita, nyumbani kwake, akiwa na miaka hamsini na tisa.

Nilidhani ningelia nikiandika haya. Sijalia. Nimekaa na karatasi tangu Alhamisi, na moyo umekuwa kimya tu, kama redio iliyoishiwa betri. Mnisamehe nikisoma polepole.

Ndila alizaliwa Makindu, mwaka wa 1938. Baba yake alikuwa kibarua wa reli. Alikulia kwenye nyumba za bati kando ya njia ya treni, na mpaka uzee wake aliongea kwa sauti ya juu, sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini. Kanisani aliimba vibaya. Nasema kwa upendo, maana mwenyewe alikubali. Mwaka wa 1960 akaolewa Kyuso na Bwana Ndolo, mkulima wa pojo na mfugaji wa mbuzi. Bwana Ndolo akafariki mwaka wa 1979. Akamwachia Ndila shamba, mbuzi kumi na mmoja, na mtoto mmoja. Mtoto huyo aliitwa Mbula. Mtoto mmoja, wasikilizaji. Hakuwa na mwingine.

Sasa tuje mwaka wa 1984. Mnaukumbuka. Mvua ilikataa. Huko Kyuso maji yalibaki mahali pamoja tu, chini ya mchanga wa mto. Kila boma lilichimba shimo lake mtoni, na kila boma lilizungushia shimo lake miiba. Ukiona miiba, unajua shimo ni la nani. Na mchanga hauchimbwi wima. Unapanua mdomo kila unaposhuka, unakata ngazi, unashuka tena. Ni kazi ya siku nyingi. Kila mtu wa Kyuso anajua hivyo, hata mtoto.

Jirani yao, Mulei, alichimba wima. Mbuzi wake walikuwa wanakufa, naye alikuwa na haraka. Akafuata maji moja kwa moja kwenda chini, kina cha watu watatu. Mwezi wa Agosti, siku ya soko, Mbula alimkuta Mulei mtoni. Shimo la kwao lilikuwa limekauka. Akaomba kuchota, na Mulei akamwambia, "Ingia." Mulei akaondoka na mbuzi. Mchanga ukaanguka. Mbula alikuwa na miaka kumi na saba.

Aliyemtoa ni mzee Sugow, mfanyabiashara wa mifugo kutoka upande wa Garissa, ambaye alikuwa anapita na mbuzi kuelekea Mwingi. Alichimba kwa mikono mpaka kucha zikatoka. Walipomfikia, Mbula alikuwa ameshakata roho.

Na hapa ndipo neno lenyewe lilipo. Watu walipofika mtoni, lile shimo halikuwa na miiba. Mulei alikuwa amerudi mbio na kuiondoa. Akasimama mbele ya watu wote akasema, "Hilo shimo si langu. Langu ni lile la juu. Hili watakuwa walichimba wenyewe." Akamsukumia marehemu kosa lake.

Ukoo wa Ndolo ulikasirika. Shemeji yake Ndila, mzee Nzuki, alisimama kwenye kikao akasema liletwe kithitu. Wasikilizaji ambao si wa kwetu, kithitu ni kiapo cha Wakamba. Mtu anashika kifaa cha kiapo, anaapa. Akiapa uongo, hafi peke yake. Kifo kinaingia nyumbani kwake na kuanza na watoto. Mtu akikataa kuapa, basi amekubali kosa. Mulei alikuwa amebanwa, na kwa sababu ya kiburi akasema ataapa. Alikuwa na watoto watano. Mdogo alikuwa bado ananyonya.

Mutindi, mke wa Mulei, ameniambia wiki hii, "Mimi nilijua mume wangu anadanganya. Nilifunga nguo za watoto kwa shuka niwapeleke kwa mama yangu kule Migwani. Kama kithitu ingekuwa haijui njia ya Migwani! Akili yangu ilikuwa imeisha."

Lakini kithitu hakiletwi na mtu yeyote tu. Anakiita mwenye msiba. Mwenye msiba alikuwa Ndila.

Siku tatu kabla ya kiapo, mzee Sugow alifika kwa Ndila kumpa pole. Ameniambia mwenyewe, juzi, dukani kwake Mwingi. Alimwambia, "Mama, asubuhi ile mbuzi zangu zilikunywa pale pale. Mulei ndiye alinichotea. Shimo ni yake. Niko tayari kusema mbele ya wazee."

Ndila akamuuliza, "Umeambia nani?"

"Wewe tu."

"Basi kaa nayo, mzee wangu. Ukisema, wataongeza moto. Na yeye ataapa tu."

Kwa hiyo Ndila alijua. Nataka mlisikie hilo vizuri. Hakusamehe kwa kutojua. Alijua shimo ni la nani, alijua ni nani aliyemwambia mwanawe aingie, na alijua kwamba neno moja kutoka kinywani mwake lingetosha. Yeye mwenyewe alizaliwa Mkamba. Kithitu alikiogopa kama sisi wote.

Siku ya kiapo ikafika. Wazee wameketi, Mulei amesimama, jasho linamtoka. Ndila akaitwa aseme. Akasema, "Mimi sileti kithitu. Mbula amekufa. Watoto wa Mulei hawajafa. Naenda nyumbani." Akaenda nyumbani kukamua mbuzi.

Mzee Nzuki hakumsalimia kwa miaka sita. Aliona ameidharau damu ya ndugu yake. Maji yakimwagika hayazoleki, watu walimwambia mzee, wacha. Hakuwacha. Msimu wa kulima ulipofika, mwethya wa ukoo, lile kundi la kulimiana kwa zamu, ulilima mashamba yote ukaruka la Ndila. Matuta yake alichimba peke yake, na jembe lake.

Kanisani nako wakamfurahia kupita kiasi. Mchungaji akataka asimame atoe ushuhuda. Akasema hana ushuhuda, ana watu sita wa kuombea. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, aliwaombea watoto watano wa Mulei kwa majina, halafu Mulei wa mwisho.

Wanawake wa kanisa lao husali kila Jumatano, boma kwa boma. Mwezi wa Machi, 1985, zamu ikafika kwa Mulei. Watu walidhani Ndila ataumwa kichwa siku hiyo. Alifika wa kwanza, na majani ya chai na sukari kwenye kikapu. Mutindi akapika chai. Akimimina, akamwaga nusu. Maji yalikuwa ya mtoni, ya chumvi chumvi. Kwetu, mtu mkiwa na neno la damu huli kwake, hunywi kwake. Ndila akapokea kikombe, akanywa chai yote, akaomba kingine. Halafu akaongoza maombi. Akataja watoto watano, akamtaja Mulei. Wanawake walingoja machozi. Hakukuwa na machozi. Mulei alikuwa nyuma ya ghala akisikia jina lake. Hakutoka.

Mwaka wa 1993 nilienda Kyuso na kinasa sauti kurekodi mazungumzo naye. Nilimuuliza, "Mama, siku ile uliposamehe, ulisikia nini moyoni?"

Akasema, "Sikusikia kitu."

Nikadhani hajanielewa. Nikauliza, "Na sasa, miaka tisa baadaye?"

"Hata sasa. Naamka, naomba, nawasha moto. Ni kama kuchimba matuta, kijana wangu. Huchimbi kwa sababu unasikia raha. Unachimba kwa sababu mvua itakuja, na ikikuta hujachimba itabeba shamba yote."

"Na Mbula?"

"Mbula namlilia jioni. Hayo ni maneno mengine."

Wasikilizaji wapendwa, mazungumzo hayo sikuyatangaza. Nilirudi na kanda, nikaisikiliza, nikaona haina furaha. Nilitaka mama aliyesamehe akajaa amani, akacheka, watu wabarikiwe. Nikaiweka kwenye droo. Miaka minne imekaa kwenye droo. Nilikosea, na nasikitika. Sikumwambia pole akiwa hai.

Mwezi uliopita Ndila alilala kitandani akashindwa kuamka. Mulei sasa ni mzee, anatembea na fimbo. Alikwenda kumwona. Nilizungumza naye Ijumaa, na akanisihi nisiseme "jirani fulani". Akasema nitaje jina. Haya ndiyo maneno yake.

"Niliketi karibu na kitanda. Nikamwambia, Mama Mbula, lile shimo lilikuwa langu. Mimi nilimwambia aingie. Mimi niliondoa miiba. Nilifikiri amelala. Halafu akaniuliza, watoto wako wako wapi siku hizi? Nikamwambia wawili wako Mombasa, mmoja ni mwalimu hapa Mwingi, mmoja ameolewa mjini Wote, kule Makueni, na yule mdogo bado anasoma. Akasema, wote wako? Nikasema wote wako. Akasema, basi. Ni hiyo tu, bwana mtangazaji. Hakuniambia kitu kingine. Nikatoka nje nikakosa pa kwenda."

Siku tisa baadaye Ndila akafariki.

Sina mahubiri. Ninachoweza kuwaambia ni hiki. Kama kuna mtu unangoja moyo ulainike ndipo umwombee, huenda utangoja sana. Mama huyu hakungoja. Leo jioni mkizima redio, kaeni kidogo na jina la mtu huyo. Litajeni tu, hata kama halina utamu mdomoni.

Tangazo la mazishi lililetwa hapa studioni na mzee Nzuki mwenyewe, limeandikwa kwa mkono wake. Nilipolisoma nilimuuliza kama amekosea kwenye orodha ya wafiwa. Akaniambia, "Soma vile nimeandika."

Nasoma. Ukoo wa Ndolo wa Kyuso unasikitika kutangaza kifo cha Ndila Ndolo. Mke wa marehemu Ndolo. Mama wa marehemu Mbula. Shemeji wa Nzuki. Mama wa Kavata na Musyimi wa Mombasa, mwalimu Syombua wa Mwingi, Ndunge wa Wote, na Kitheka, mwanafunzi, ambao wote ni watoto wa Mulei. Mazishi ni Jumamosi saa nne asubuhi, nyumbani kwake Kyuso.

Poleni, ukoo wa Ndolo. Pole, mzee Sugow. Kavata, Musyimi, Syombua, Ndunge, Kitheka, poleni kwa kufiwa na mama.