Upande Mmoja wa Godoro

Dada tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, wa kwanza kati ya watoto wawili wa fundi rangi na mshonaji. Tangu akiwa na miaka sita walimwita Profesa kwa wingi wa maswali yake. Siku moja alimuuliza baba yake kwa nini rangi nyeupe inaficha madoa kuliko nyingine. Mzee, akiwa juu ya ngazi, alimwambia ashike ndoo na apunguze maneno. Ndoo aliishika, swali hakuliachia maisha yake yote.

Alianza shule ya msingi Januari 1964 na kumaliza sekondari mwaka 1975, msichana pekee katika darasa la fizikia. Mwaka 1986 alitunukiwa shahada ya uzamivu. Utafiti wake ulihusu oksidi ya titani, unga uleule mweupe uliokuwa ndani ya ndoo ya baba yake.

Kwa miaka thelathini na moja alifanya kazi katika chumba namba 12 cha idara ya fizikia, chumba kisicho na dirisha, pampu za kunyonya hewa zikinguruma kutwa. Alizichunguza elektroni zinazosalia juu ya uso wa fuwele ya oksidi hiyo. Binti wa mdogo wake, akiwa na miaka minane, alitaka kujua shangazi anafanya kazi gani hasa. Shangazi akamlaza kwenye godoro lake la sponji. Akamwambia kwamba elektroni ikitulia mahali huzisogeza chembe za jirani mpaka panabonyea, kama pale alipolala yeye, na ikiondoka lazima iondoke na bonde lake. Vitu hivyo viwili kwa pamoja ndivyo polaroni. Mtoto akauliza ni nani aliyeifunga mle.

"Hakuna aliyeifunga, mwanangu. Imepabonyeza yenyewe kwa kukaa. Ikipata joto inaruka kwa jirani. Kukiwa na baridi inabaki palepale."

Mtoto akaomba na wao waruke. Waliruka mpaka chaga moja ya kitanda ikavunjika, na Profesa akaifunga kwa waya.

Tarehe 6 Agosti 1988 aliolewa na fundi pampu wa idara hiyo, mtu wa mizaha, aliyependa kusema kwamba yeye na mkewe wameajiriwa kulinda chombo kisicho na kitu ndani, hata hewa. Hawakujaliwa mtoto. Mume alifariki ghafla tarehe 22 Februari 1999. Ndugu walimshauri Profesa ahamie karibu nao, naye akasema ataangalia. Alikuwa mpweke. Tunalisema sisi kwa sababu yeye hakulisema kamwe: kwa miaka ishirini na mitano alipoingia nyumbani aliwasha redio kwanza, taa baadaye.

Kuna jambo ambalo mdogo wake, anayewasomea wasifu huu, angeweza kuliruka. Mama yao alifariki Jumatatu, tarehe 9 Juni 2008. Asubuhi hiyo, baada ya wiki sita za kusafisha, Profesa alikuwa amepata uso wa fuwele uliotakata. Hata ndani ya chombo kilichonyonywa hewa hubaki mvuke kidogo wa maji, na uso ukiachwa siku chache unachafuka. Alipiga simu kwamba atachelewa. Mama alizikwa Jumatano. Profesa alifika Jumamosi, begi mkononi, na mdogo wake akamkabili mlangoni mbele za watu.

"Umekuja kumzika nani?"

Profesa alikwenda kaburini peke yake, kisha akarudi na basi la alasiri. Tangu siku hiyo walibaki na salamu za mwisho wa mwaka.

Mwaka 2013 alimtumia mdogo wake barua yake iliyochapishwa katika jarida la sayansi, bila neno lingine. Ilijaa fomula. Mdogo wake alidhani dada anajitapa, akaitia kwenye droo ya brashi zake za rangi.

Novemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, wala hakumwambia ndugu yeyote. Ijumaa, tarehe 30 Agosti 2024, mwanafunzi wake wa mwisho aliamua kumpigia simu mdogo wa Profesa kwamba dada yake yu mahututi. Mdogo huyo naye ni fundi rangi kama baba yao, na alikuwa amebakiza ukuta mmoja wa ukumbi. Ukuta ukiachwa nusu unabaki na mstari. Alisema atakwenda Jumanne, na Jumanne saa nane mchana alifika. Dada yake alikuwa amekata roho saa nne asubuhi.

Mwanafunzi ndiye aliyemfafanulia ile barua. Nukta zilizopigwa picha wiki ile ya msiba, ambazo Profesa alizitangaza kuwa ndipo elektroni zinapokaa, zilikuwa mabaki ya maji. Uso aliobaki kuulinda ulikuwa umeshachafuka. Hakuna aliyemkamata, aliligundua kosa mwenyewe, akaandika kuikanusha kazi yake.

"Nakala ya kwanza alisema ni yako," mwanafunzi alimwambia. "Alisubiri umpigie."

Hakumpigia.

Katika chumba cha kulala, chaga ilikuwa bado na waya. Godoro alilinunua baada ya kufiwa na mume, lote likiwa lake. Limebonyea upande wa ukutani tu. Upande wa pili ni mpya kabisa, na mdogo wake alikaa hapo mpaka alipoitwa.

Ameacha mdogo wake, wifi yake, binti mmoja anayemwita shangazi, na wanafunzi kumi na wanane.

Mungu ampokee. Dada, mdogo wako amekuja, amechelewa. Nafasi ipo, lala katikati.