Sikio Lililokuwa Likingoja Shule Zifungwe

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Semeni amina kwa sauti ya kawaida tu, msipige kelele, maana leo nawasikia!

Mimi ni Mwalimu Kanana, ndimi ninayewaongozea kwaya. Kwetu ni Meru, hapa Garissa nililetwa na kazi. Na sisi tulioletwa huku na kazi tunajijua: kila kitu chetu kinangoja shule zifungwe. Jino litang'olewa nyumbani, macho yatapimwa nyumbani, hata kiatu kikiachia soli tunakitia kwenye mfuko twende nacho kwetu. Basi sikio langu la kushoto lilipoanza kuwasha na kutoa maji, nikaliambia, vumilia, tutaenda Meru!

Halikuvumilia. Maji yakawa usaha. Darasani mtoto akijibu kutoka upande wa dirisha, naona midomo tu. Na mnakumbuka Jumapili ile nilipoanzisha wimbo, kwaya ikatawanyika, kila mtu na njia yake? Mlidhani nimechoka. Ndugu zangu, nilikuwa siwasikii! Nilirudi nyumbani nikalia, nikamwomba Mungu anishikilie sikio mpaka Meru, aniachie masikio ya kumwimbia.

Jirani yangu Habiba, yule anayeuza maziwa ya ngamia, akanikuta hivyo. "Abaayo," akaniita, yaani dada, "walahi hii sikio yako haijui shule inafunga lini. Simama, twende zahanati hapa nyuma ya soko!"

Nikamwambia daktari wangu yuko Meru. Akacheka. "Daktari yako iko mbali, usaha iko hapa!" Akanishika mkono, tukaenda.

Zahanati ile nilikuwa nikiipita kila siku, nikidhani ni ya chanjo za watoto tu. Daktari, binti wa papa hapa Garissa, alinimulika sikioni, akalisafisha taratibu, akanipa dawa. Akasema, "Mwalimu, ukiona uso umevimba, au una homa kali na kizunguzungu, kimbilia hospitali kubwa. Lakini sikio linalotoa maji ni kazi yetu hapa, na tunalitaka mapema. Ungengoja likizo, huenda usingesikia tena upande huu."

Ndugu zangu, nilitumia dawa mpaka ikaisha, nikarudi kuangaliwa kama nilivyoambiwa. Na asubuhi moja nikamsikia Habiba akiwaita mbuzi wake, kwa sikio la kushoto! Nilicheka peke yangu kitandani. Asante Yesu! Nilimwomba anishikilie mpaka Meru, kumbe jibu lake lilikuwa nyuma ya soko.

Wewe uliyeketi hapo na jino linalokusumbua, au kikohozi unachokiweka mpaka likizo, mtumaini Bwana, na kesho uende zahanati. Anayetuponya kwetu ndiye anayetuponya hapa.

Sasa kwaya, simameni. Sauti ya tatu, wimbo wa kwanza mlikuwa chini kabisa. Nimewasikia! Bwana apewe sifa, nimewasikia!